Sura ya Sita: Ukingoni mwa Nyangores

Mvua inyeshayo juu ya msitu wa Mau haina njia moja tu ya kuliendea Ziwa Viktoria. Maji yanayoteremka magharibi ya vilima vya Bomet huingia katika Mto Kipsonoi, yakapita Sotik, yakaungana na yale yatokayo Kericho kwa mikono ya Itare, Kiptiget na Timbilil, na kwa jina la Sondu yakashuka mpaka Ghuba ya Winam, baada ya kuizungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Maji yanayoteremka upande wa pili wa vilima hivyo hivyo huingia katika Nyangores, yakapita Tenwek na mji wa Bomet, yakakutana na Mto Amala, yakageuka kuwa Mara, yakazikata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na hatimaye yakalifikia ziwa lile lile karibu na Musoma katika nchi ya Tanzania, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 395. Katika njia hizo mbili nimeichagua ya pili iwe maudhui ya sura hii, kwani ndiyo inayompitisha mtembezi kwa zamu katika msitu, michai, maporomoko, hospitali, soko na mji, bila ya kumtenga kwa muda mrefu na sauti ya maji.

Yapasa msomaji ajue mapema kwamba hapana njia iliyochongwa kwa ajili ya watembezi kandokando ya Nyangores. Hapana vibao, wala ramani iuzwayo dukani, wala ngazi za mbao penye utelezi. Huko Uingereza mtu aweza kuufuata Mto Thames kwa njia rasmi ya miguu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kwa mwendo wa kilomita karibu 300, akaongozwa na alama kutoka chemchemi hadi mjini London; na papa hapa Kenya, pale Karura katika mji wa Nairobi, wapo watu watembeao kila Jumapili kando ya mto chini ya miti, aghalabu bila ya kukumbuka kwamba miti ile ilisalimika kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa kwa ajili yake mwaka 1999. Ukingoni mwa Nyangores njia iliyopo imechongwa na miguu ya wanawake waendao kuteka maji, na kwato za ng'ombe na punda, na watoto wakatao mkato kwenda shule, na wachumaji wapelekao majani kituoni. Hukatika mahali na kuanza tena mahali pengine, hupanda juu ya kilima pasipo sababu ya kuonekana kisha hurudi majini, na mtembezi mwenye subira atagundua kwamba sababu ipo, na kwamba sababu hiyo ndiyo habari yenyewe ya mto.

Huko juu ni msituni. Mau, ambayo sehemu zake zote zikijumlishwa hukadiriwa kuwa hekta 400,000 na kuhesabiwa kuwa msitu mkubwa kuliko yote ya asili ya milimani katika Afrika ya Mashariki, ndiyo mama wa mito hii yote. Na vyanzo vya Mara hutajwa kuwa katika kinamasi cha Enapuiyapui, mahali palipoinuka karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu asiingie humo bila ya idhini ya maofisa wa misitu wala bila ya mwenyeji wa kumwongoza, si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa sababu msitu una nyati na tembo, na ukungu wa huko hauna hisani. Atakayeingia kwa adabu ataona jambo lenye thamani kuliko mandhari, yaani jinsi maji yanavyofanywa. Chini ya mianzi na miti mirefu ardhi ni laini kama sifongo, vijito haviteremki kwa kishindo bali huchuruzika, na hata wiki kadhaa baada ya mvua kukoma bado mtu aweza kukanyaga jani kavu na kusikia chini yake unyevu ukibonyea.

Sitaki kuyaficha yaliyoupata msitu huo. Mwaka 2001 serikali iliondoa katika hifadhi hekta zipatazo 60,000 za Mau ili zigawiwe watu, na miaka michache baadaye mito ya chini ikaanza kuleta matope wakati wa mvua na kukonda kupita desturi wakati wa kiangazi, hata mwaka 2009 likaanza zoezi la kuwaondoa walowezi na kurudisha miti, zoezi ambalo liliwatia taabuni watu wengi maskini waliokuwa wamenunua au kupewa ardhi ile kwa nia njema. Dhuluma mbili zilikutana pale, ya mti na ya mtu, na sioni kwamba moja yaweza kuponywa kwa kuisahau nyingine.

Pembezoni mwa Mau na misitu mingine ya nchi ulipandwa ukanda wa chai, ulioanzishwa mwaka 1986 kwa jina la Nyayo, ili uwe mpaka unaoonekana baina ya miti ya serikali na mashamba ya wananchi. Hapo ndipo mtembezi atokapo gizani na kuingia katika kijani kile cha chai ambacho macho hayakizoei upesi, kijani kilichosawazishwa kwa mikono na kufuata kila mbonyeo wa ardhi hadi upeo wa macho. Na hapo ndipo aanzapo kuujua mto wa watu.

Wilaya hii ya juu ni nchi ya wakulima wadogo. Katika sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni chai ilikuwa mmea wa makampuni na masetla, na Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda; mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwaendeleza wakulima wadogo wa chai, KTDA, ambalo viwanda vyake vya Bomet, mathalani Kapkoros na Tirgaga, hupokea majani kutoka vipande vya shamba ambavyo aghalabu havizidi ekari moja au mbili. Mchumaji huamka alfajiri, kwani jani lililochumwa mapema hufika kiwandani likiwa hai. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayarusha kapuni mgongoni bila ya kugeuka, na baada ya siku saba hadi kumi na nne hurudi kwenye mchai ule ule. Kituoni karani hupima na kuandika, lori huja, na majani, yakisha kunyaushwa usiku kucha, kusagwa, kuachwa yabadilike rangi na kukaushwa kwa moto, hushuka mpaka mnadani Mombasa, na mkulima akangoja bonasi yake ya mwaka kwa moyo ule ule angojao mvua.

Nimeutaja moto kwa sababu. Kiwanda cha chai hula kuni, na kuni zipandwazo kwa ajili yake ni mikaratusi, au blugamu kama wengi huku waiitavyo, mti ukuao upesi, unyookao, ulipao vizuri, na unywao maji kwa ulafi. Mkulima mwenye ekari moja hawezi kuutoa mchai ili apande kuni. Basi mkaratusi huupeleka mahali ambapo chai haistawi, nako ni bondeni, mdomoni mwa mto. Hivyo shamba linalopendeza kilimani huwa na safu ya mikaratusi chini yake, na mtembezi afuataye ukingo hujikuta amefika penye ukuta wa mashina, au penye ua wa seng'enge, au penye sukumawiki iliyopandwa hata vidole vya maji vinaigusa, na hana budi kupanda tena barabarani. Kanuni za maji za Kenya huutengea mto kipande cha ardhi kila upande, kisichopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto wenyewe, kuanzia mahali maji yanapofika wakati wa mafuriko. Na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Iliyong'olewa iling'olewa, na iliyobaki ikachipua upya kutoka visikini.

Basi nasema hivi, na ndiyo hoja niliyoibeba katika sura yote: njia ya mtembezi na kipande kile cha ardhi kilichotengewa mto ni kitu kimoja. Mahali unapoweza kupita kwa miguu yako bila ya kuomba radhi ndipo mto unapopumua, penye mkuyu, ambao Wakipsigis huuita mogoiywet, na mzambarau mwitu, na nyasi ndefu zinazokamata udongo usianguke majini. Mahali unapolazimishwa kuacha ukingo ndipo udongo mwekundu unapoingia mtoni kila mvua inyeshapo. Wataalamu wana vipimo vyao vya tope na kina, navyo ni vya lazima. Lakini mwananchi yeyote, hata asiyesoma, aweza kuupima mto huu kwa kuhesabu mara ngapi amezuiwa.

Kwa insafu yapasa nilinganishe na upande wa Kericho, ambako mambo ni kinyume. Mtu apitaye barabara kuu ya Kericho huona, katikati ya mashamba makubwa, pindo za msitu mweusi zikifuata kila kijito, Timbilil na Kimugu na wenzao, na mbega wakiruka humo juu kwa mikia yao myeupe. Na hapana shaka kwamba katika mambo ya miti ya mtoni mashamba hayo mengi yamefanya vema kuliko sisi wenye ekari moja. Walakini njia za humo zina malango na walinzi. Ardhi ile ilitwaliwa kwa Wakipsigis katika zama za ukoloni; baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake walipewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani, na kitani kilipowashinda, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaja katikati ya miaka ya 1920 na kupanda chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho na kuogopwa na serikali kwa sababu hiyo, ulihamishwa kwa sheria maalumu ukapelekwa Gwassi, mbali kando ya Ziwa Viktoria. Majina ya wenye mashamba yamebadilika zaidi ya mara moja tangu hapo, na katika miaka hii ya karibuni mashamba mengi yameangukia mikononi mwa kampuni ya Sri Lanka, lakini malango hayakubadilika. Kwa hiyo Kericho ina ukingo usio na njia, na Bomet ina njia isiyo na ukingo, na mto mzima wahitaji vyote viwili.

Desturi ya zamani ya Wakipsigis ingeweza kutusaidia. Kabla ya ardhi kupimwa na kuandikiwa hati, mahali pa kunyweshea mifugo na mahali pa kuilambisha chumvi hapakuwa milki ya mtu mmoja, na njia za kufikia huko hazikufungwa. Mabaki ya ungwana huo yapo hadi leo kwa wakulima wa ukingoni. Mgeni apitapo nyuma ya nyumba za watu, na akatoa salamu ya chamgei kabla ya kuulizwa yeye ni nani, hujibiwa chamgei mising, na mara nyingi huonyeshwa mwenyewe mahali seng'enge ilipolegezwa. "Mama, njia hii yafika mtoni?" "Yafika, mwanangu, lakini shika mkono wa kushoto, kulia kuna fahali." Huo ndio usimamizi wa njia ya Nyangores kwa sasa, na sina la kuulaumu isipokuwa kwamba wategemea uzima wa akina mama wale.

Aanzaye mapema ataepuka taabu nyingine. Mvua ya nchi hii hupenda alasiri: pepo zenye unyevu kutoka ziwani hukutana na zile za mashariki juu ya vilima, mawingu yakajengeka tangu adhuhuri, na ikifika saa tisa mtu husikia ngurumo upande wa Mau. Mara nyingi huja na mawe, ambayo Kericho na jirani zake ni mashuhuri kwayo duniani, na nusu saa ya mawe hayo hutosha kuyachana majani ya shamba zima na kumwachia mkulima wiki nyingi za kungoja. Udongo mwekundu ukilowa haushikiki. Fimbo ni bora kuliko viatu vya ghali.

Kisha husikika Tenwek kabla haijaonekana. Nyangores, ambao hata hapo ulikuwa mto mtulivu wa mawe na vidimbwi, hufika penye mwamba na kuporomoka kwa kishindo, ukaacha ukungu mwembamba juu ya vichaka. Wamishonari wa Kimarekani walijenga kituo chao karibu na mahali hapo katika miaka ya 1930, na zahanati yao ndogo ilipata daktari wa kudumu mwaka 1959, Dakta Ernest Steury, ambaye alifanya kazi huko kwa miongo mingi. Hospitali ilikua, wagonjwa wakaongezeka, na umeme wa jenereta za dizeli ukawa mzigo. Nao mto ulikuwa ukianguka bure, mchana na usiku, mbele ya macho ya watu. Mwaka 1987 mtambo wa umeme wa maji ulikamilika, na tangu hapo sehemu ya Nyangores hupitishwa katika bomba, hushuka kwa nguvu, huzungusha mashine, na hurudi mtoni kama ilivyokuwa.

Nimesimama mara kadhaa mahali hapo na kuyatazama maji yale, nikiwaza kwamba yule mama aliyelegeza seng'enge yake huko juu, na yule mwingine aliyekata mkuyu wake, wote wawili wana mkono wao katika taa ya chumba cha upasuaji. Si maneno ya mapambo hayo. Mtambo mdogo usio na bwawa kubwa hutegemea maji ya siku ile ile. Kiangazi kikikonda mto, umeme nao hukonda, na tope likiwa jingi mashine huumia. Kama kuna mahali popote katika nchi hii ambapo faida ya kuhifadhi ukingo yaweza kuonyeshwa kwa mtoto wa shule kwa kunyoosha kidole tu, basi ni Tenwek, na ningependa kila shule ya Bomet iwalete wanafunzi wake pale, na iwarudishe kwa miguu.

Kutoka maporomokoni hadi mjini Bomet ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa afuataye maji, na msaada wa soko la Silibwet uko juu ya kilima kwa mwenye kutaka chai ya maziwa na maandazi, au gilasi ya mursik, yaani maziwa ya mgando, ikiwa mwenyeji ni mkarimu. Sehemu hii ya njia ndiyo iliyo wazi zaidi. Bonde lapanuka, michai yaanza kuchanganyika na mahindi na malisho, na punda waonekana kila mahali, wawili wawili, wakiwa na jerikeni ubavuni, wakipanda kutoka mtoni bila ya mchungaji kama watumishi wanaoijua kazi yao.

Mji wenyewe umekua haraka. Bomet ilitengwa na Kericho ikawa wilaya mwaka 1992, na baada ya Katiba mpya ikawa makao makuu ya kaunti mwaka 2013. Kwa hiyo majumba ya ofisi, mabenki, maduka na vyumba vya kupanga vimeota pande zote za barabara iendayo Narok kwa huku na Kaplong kwa huko. Wajenzi wake waliipenda barabara na kuupa mto kisogo. Nyuma ya majengo mtembezi hukuta yale ambayo mji hautaki yaonekane mbele: mifereji ya maji machafu, mifuko na chupa za plastiki, vijana waoshao pikipiki na magari mtoni hata mafuta yakachora rangi juu ya maji. Mita mia mbili chini yao wengine wanateka maji ya kupikia. Chini ya daraja la Bomet hupita maji ya nchi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 700, na wapimaji wa serikali wamekuwa wakiyapima hapo tangu miaka ya 1960. Sidhani kwamba upo mji mwingine wa kaunti wenye johari kama hiyo katikati yake na kuitumia kwa namna hii.

Sisemi haya kwa dharau, maana naipenda Bomet. Nayasema kwa sababu dawa yake ni nyepesi na ya bei nafuu kuliko viwanja na sanamu ambazo miji hujivunia. Kilomita tatu za ukingo, kutoka juu ya daraja hadi chini yake, zikiwekewa mawe ya mpaka, zikaondolewa takataka, zikapandwa miti ya asili na kuachiwa njia ya upana wa watu wawili, zingetosha kuwageuza wenyeji waanze kuutazama mto wao. Mahali pa kuoshea magari papo pengi mbali na maji. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha kwa pamoja Siku ya Mara, kukahutubiwa na kupandwa miti, jambo jema lisilo na shaka. Lakini mti uliopandwa kwa hotuba huhitaji mtu wa kupita karibu nao siku 364 zilizobaki, na mtu huyo hatapita pasipo njia.

Chini ya mji nchi hubadilika tabia. Chai hukoma, joto huongezeka, miiba huanza, na ng'ombe huwa wengi kuliko mashamba. Mto nao hupoteza haraka yake na kuzungukazunguka katika kingo za udongo. Mwenye siku nyingine ya kutembea aweza kuendelea hadi pande za Kaboson, ambako Nyangores hukutana na Amala na jina la Mara huanza. Huko mbele, katika kiangazi, maji haya huwa ndiyo pekee yasiyokauka kaskazini mwa Serengeti, nayo huwanywesha nyumbu zaidi ya milioni moja wahamao. Kwa mtu wa miguu, hata hivyo, safari yakoma hapo, kwa kuwa zaidi ya makutano hayo ni makao ya viboko na nyati, na ukingo ni wao. Pikipiki za kurudi Bomet hupatikana barabarani mpaka magharibi, nazo huwa chache siku isiyokuwa ya soko.